Tonge Shavuni mwa Muzee

Wiki nzima mmekula, mmelala, mmekwenda kanisani na kurudi, na Muzee Hategekimana bado ana tonge shavuni.

Hakulimeza. Hakulitema. Liko palepale tulipoliacha, shavu la kushoto, limevimba kama jipu.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa mandazi kabla hajalisoma, nitasema mara moja tu. Muzee Hategekimana ni babu yangu, mfugaji wa Masisi. Amekaa kwenye kiti cha plastiki katika banda la Paulin, hapa Keshero, Goma. Paulin anauza chawarma, yaani nyama ya Waturuki inayozunguka motoni mchana kutwa, ikakatwa vipande, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba. Paulin anataka kumwoa dada yangu Uwitonze. Uwitonze anataka kuolewa na Paulin. Baba yetu amemwachia Muzee neno la mwisho, na kesho asubuhi Muzee anarudi kwa ng'ombe wake.

Akisema ndiyo leo, kuna harusi.

Asiposema, Uwitonze anakwenda kwa Mbarushimana, wakala wa forodha wa Bunagana, mwanaume mwenye kitambi, viatu vyeupe na marashi yanayoingia nyumbani kabla yake. Mbarushimana naye ameahidiwa jibu leo.

Muzee aliomba jambo moja tu: aione mikono ya kijana ikifanya kazi. Akaonyeshwa. Akakatiwa. Akauma. Kisha akaacha kutafuna, na kwa sauti iliyobanwa na tonge akauliza:

"Ii nyeupe ni nini?"

Hapo ndipo mlipotuacha. Tuendelee.

Nyama ilizunguka. Mafuta yalidondoka juu ya makaa, tss, tss, na inzi mmoja aliyeshiba akahama kutoka kwenye nyanya kwenda kwenye zeituni.

Niseme neno kuhusu hizo zeituni. Nimesoma internati, shule ya bweni ya mapadri. Nimekula maharage yenye wadudu, nikawala na wadudu wenyewe, na nikamshukuru Mungu kama tulivyoamriwa. Lakini zeituni ilinishinda. Inafanana na mavi ya mbuzi, ina chumvi ya machozi, na ndani ina jiwe. Waturuki ni taifa kubwa na sina ugomvi nao. Nauliza tu: ni nani aliyeiokota ya kwanza, akasema tuweke mezani?

Zeituni, hata hivyo, haikuwa tatizo letu. Tatizo lilikuwa nyeupe.

Ile nyeupe ilikuwa maziwa. Maziwa mgando, yamechanganywa na vitunguu saumu na tango. Na kwetu wafugaji nyama ya ng'ombe na maziwa ya ng'ombe havikutani ndani ya tumbo moja kwa siku moja. Ukivikutanisha, ng'ombe wako ndiye anayeumia. Chuchu zinapasuka. Maziwa yanatoka na damu. Padri aliyetufundisha biolojia alisema ng'ombe hana njia ya kujua umekula nini. Padri yule hakuwahi kufuga hata sungura.

Zamani ng'ombe wa Muzee walifunika kilima. Baada ya vita hivi tunavyovijua sote, wamebaki wachache wa zizi moja. Anawaita kwa majina. Anawaombea kabla ya kutuombea sisi.

Uwitonze alijua hatari hiyo. Alikuwa amemwambia Paulin mapema: "Kwa Sogokuru usitie sosi." Sogokuru ndiyo babu kwetu. Paulin ni mtu wa Butembo, na kwao nyama ni nyama na maziwa ni kitu cha kutia kwenye chai. Lakini alikubali. Aliapa.

Basi nani alitia?

Nilimtazama Paulin. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kisu. Midomo yake ilianza kufunguka, na nikaona kabisa kwamba mtu huyu mwaminifu, mjinga wa Mungu, alikuwa anakwenda kusema kweli.

Nikamwahi.

"Mayoneze, Sogokuru!"

Muzee aligeuza jicho. Shavu halikutikisika.

"Mayoneze ni nini?"

"Ni mayai, Sogokuru. Mayai na mafuta."

"Mayai ya kuku?"

"Ya kuku."

"Mutu muzima," alisema Muzee, na tone jeupe likachungulia pembeni mwa mdomo wake, "amenilisha mayai ya kuku?"

Kwa wazee wa umri wake yai si chakula. Ni kitu kilichotoka fasi mbaya ya ndege mbaya. Lakini yai ni aibu tu, halimdhuru ng'ombe. Nilimwona akipima. Alimtazama Uwitonze, aliyekuwa amefumbata mikono kama mtu wa komunyo ya kwanza. Alimtazama Paulin. Akafumba macho. Akajikaza. Koo lake likaanza kupanda.

Nusu ya kidole zaidi, na tonge lingepita.

Ndipo pazia la nyuma likafunguka.

"Nani amesema mayoneze?"

Alikuwa Mama Kasoki, mama mzazi wa Paulin, mwanamke wa Butembo aliyekuja na basi kwa ajili ya siku hii. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba kirefu, na mikononi alibeba bakuli la ile nyeupe, limejaa hadi ukingoni.

"Mama, rudi ndani," alisema Paulin.

"Sirudi! Mayoneze ya kopo, kwa mukwe wangu? Muzee, usisikilize huyu mutoto. Iko maziwa!"

"Mama!"

"Maziwa kabisa! Ya Masisi, ya kwenu! Niliamuka mapema, nikaenda mwenyewe soko, nikachagua mashanza, mgando ile nzito. Ee, hawa watoto waliniambia, usimutilie Muzee sosi. Nikasema, nini? Mutu wa ngombe anakuja kwangu, na munamunyima maziwa? Munataka akasemee kwao tuko bachoyo? Nikangoja huyu Paulin ageuke, nikamutilia. Nikamutilia mara mbili!"

Akatabasamu. Mungu anajua alikuwa ametabasamu kwa moyo wake wote. Alikuwa amechukua vitu viwili ambavyo mfugaji anavipenda kuliko vyote duniani, akavifunga ndani ya mkate mmoja.

Macho ya Muzee yalifunguka.

Nitaeleza kilichotokea bila kupunguza, na mwenye tumbo jepesi aruke mistari michache.

Kilitoka chote kwa pigo moja. Nyama iliyotafunwa nusu, mkate uliogeuka uji, uzi mrefu wa tango, na ile nyeupe, sasa ya rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Kilipita juu ya meza. Kilipita juu ya zeituni. Kikatua, pwaa, juu ya kiatu cheupe kilichokuwa ndiyo kwanza kinaingia bandani.

Marashi yalikuwa yameshafika. Sisi tu hatukuyasikia.

"Muzee!" alisema Mbarushimana. "Nilifika nyumbani, wakaniambia muko huku."

Alitazama kiatu. Tulitazama kiatu. Inzi aliyeshiba naye akakitazama kiatu, akashuka.

Mbarushimana hakukasirika. Alichukua karatasi ya kupangusia mikono, akakipangusa kiatu, akaikunja, kisha akajifuta jasho la mdomo kwa karatasi hiyohiyo. Nawaapia. Hiyohiyo. Uwitonze alitoa sauti ndogo kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Maji," alisema Muzee.

Paulin alikimbia na jagi. Muzee alitoka hadi ukingo wa barabara, akasukutua juu ya mawe meusi, akatema, akasukutua tena, akaingiza kidole ndani ya shavu akakwangua. Mteja aliyekuwa anasubiri chawarma yake alikumbuka kwamba hana njaa, akaondoka.

Muzee aligeuka akiwa na kidole bado mdomoni.

"Uwitonze. Salimia mume wako."

"Sogokuru?"

"Huyu." Kidole, kikiwa na mate yake, kilimwelekea Mbarushimana. "Maneno yameisha."

"Sogokuru, hawakujua!"

"Mutu asiyejua neno dogo hili, nyumbani kwake utakula nini? Watoto wako watakula nini? Mbarushimana ni mutoto wa wafugaji wa Rutshuru. Yeye anajua."

"Najua kabisa, Muzee," alisema Mbarushimana, ambaye hakujua kinachosemwa. Akavuta kiti karibu na dada yangu. Kiti kililia. "Uwitonze, mupenzi, umekuwa mweusi kidogo. Ni jua? Bunagana nitakununulia mafuta ya kujipaka."

"Asante, Papa," alisema Uwitonze.

Alisema Papa kama unavyomwambia rafiki wa baba yako. Mbarushimana alicheka, akidhani ni heshima.

Paulin alisimama karibu na moto wake, kisu kimeshuka. Mama Kasoki alikuwa bado ameshika bakuli, tabasamu limemgandia usoni bila mtu wa kulipokea.

Mimi nilikuwa namtazama Mbarushimana. Alikuwa ameketi karibu na mchumba wake mpya, na macho yake yalikuwa kwenye nyama. Yalizunguka nayo. Nyama ikienda, yanakwenda. Nyama ikirudi, yanarudi.

Nikapata wazo. Si wazo takatifu.

"Papa Mbarushimana," nilisema kwa sauti ile tunayoitumia internati kumjibu padri wa nidhamu, "mumetoka mbali na hamujakula."

"Kweli, mutoto. Unaona mutoto mwenye malezi? Kijana! Nikatie moja."

Paulin hakusogea. Uwitonze alinipiga teke chini ya meza.

"Paulin, ukatie mugeni," nilisema. "Lakini bila ile nyeupe. Sijui kama Papa ataipenda. Ni mayoneze."

"Mayoneze wapi?" Mbarushimana alinyosha shingo kuelekea bakuli la Mama Kasoki, akanusa, akafumba macho. "Nyie watoto wa Goma hamujui kitu. Ile ni maziwa! Kampala ninakula kila safari. Kwa Waturuki wenyewe! Nyama bila ile iko kavu, utafikiri unatafuna mukanda. Mama, mutie. Mutie, usiogope. Tena. Tena!"

Huko ukingoni mwa barabara, alikorudi kusukutua, mgongo wa Muzee uliacha kusogea.

Uwitonze alikuwa ameinua mguu kunipiga teke la pili. Akaushusha polepole.

Sasa mtanisamehe, lakini lazima niwaonyeshe mtu huyu akila. Hakuuma mkate. Aliunyonya. Aliweka midomo kwenye upande ulio wazi, akavuta, na ile nyeupe ikamfuata kwa sauti ya tope linalotoa mguu wa ng'ombe. Ilimjaa kwenye masharubu. Ilishuka kidevuni, ikaingia kwenye mkunjo wa shingo, na hapo ikachanganyika na marashi. Alitafuna mdomo wazi, akizungumza. Aliokota zeituni ambayo tonge la Muzee lilikuwa limepita juu yake, akaila, akatema jiwe lake ndani ya sahani ya dada yangu. Kipande cha mafuta kilimdondokea kifuani. Akakitafuta kwa kidole, akakipata, akakirudisha nyumbani.

Niliwaza maharage ya internati kwa mapenzi ya kweli.

"Mbarushimana."

Muzee alikuwa amesimama nyuma yake.

"Muzee! Kaa, kaa."

"Baba yako alikuwa na ngombe?"

"Wengi! Munajua, Muzee. Rutshuru yote inajua."

"Na alikufundisha?"

"Kila kitu! Kukamua, kuchunga, kuimbia ngombe, yote."

"Ile unayokula ni nini?"

"Nyama ya ngombe, Muzee."

"Na ile nyeupe?"

Mbarushimana aliacha kutafuna. Sasa lilikuwa shavu lake lililovimba. Kwa muda alionekana kama atafikiri. Lakini nyama ilikuwa tamu, na kitambi kilimshauri vibaya.

"Aa, Muzee! Ile mambo ya zamani? Mimi ni mutu wa safari. Ngombe iko kule kwenye majani, mimi niko huku. Nani atamwambia? Onja, Muzee. Onja tu!"

Akaunyosha ule mkate, upande alionyonya, hadi kwenye midomo ya babu yangu.

Muzee hakurudi nyuma. Aliutazama ule mdomo wa mkate uliolowa, akamtazama mwenye nao.

"Huyu," alisema, akimwonyesha Paulin, "hakujua. Wewe unajua."

"Muzee..."

"Toka."

"Tuongee kama wanaume."

"Toka na kitu chako. Uwitonze sikupi. Hata mbwa wa kuchunga sikupi."

Mbarushimana alisimama. Alitazama huku na huku kutafuta anayemcheka, na akampata, kwa sababu nilikuwa nimejificha vibaya. Alinionyesha kidole chenye sosi.

"Wewe mutoto utaniona."

"Nawaona sasa hivi, Papa. Muko na maziwa kwenye sikio."

Akaondoka. Chawarma hakuiacha. Nilimwona akivuka barabara, akiwapisha watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, na bado ananyonya.

Muzee aliketi. Alikuwa amechoka ghafla, kama watu warefu wanavyochoka.

"Kijana. Kuya hapa."

Paulin alikuja akijipangusa mikono kwenye eproni. Alipiga magoti bila kuambiwa, juu ya sakafu ambayo, baada ya yote yaliyotokea, mimi nisingeikanyaga bila viatu.

"Ungelijua, ungeacha nitiliwe?"

"Apana, Muzee."

"Lakini Uwitonze alikuambia usitie."

"Aliniambia."

"Alikuambia juu ya nini, sababu gani?"

"Hakuniambia juu ya nini. Kulikuwa wateja wengi. Alisema tu, kwa Sogokuru usitie."

"Na wewe ukasikia? Bila kuuliza?"

"Nilisikia, Muzee. Yeye ndiye anawajua."

Hakumtaja mama yake. Angeweza. Bakuli lilikuwa palepale, na mwenye bakuli palepale. Aliinamisha kichwa tu.

Muzee alimtazama Uwitonze, ambaye sasa alikuwa analia bila kujificha, kamasi na yote, na ningependa kuwaambia kwamba machozi yalimpendeza. Hayakumpendeza.

"Mikono yake inafanya kazi," alisema Muzee. "Na sikio lake linafanya kazi. Sikio ni ngumu kupata. Basi. Nasema ndiyo."

Uwitonze alipiga kelele iliyosikika hadi ziwani. Alimrukia babu shingoni. Paulin aliinuka, akakaa, akainuka tena, akanikumbatia mimi kwa kukosea, na eproni yake ikaniachia mafuta kifuani ambayo hadi leo hayajatoka. Watu wawili waliokuwa wanapita walipiga makofi bila kujua wanampigia nani.

Mngefikiri hadithi imeisha. Mimi pia nilifikiri. Nilikuwa tayari nimeanza kuwaza suti.

"Mumemaliza?"

Mama Kasoki aliweka bakuli mezani. Aliliweka taratibu, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mama, amekubali!" alisema Paulin.

"Nimesikia. Wao wamekubali. Mimi sijakubali."

Makofi yalikatika.

"Muzee," alisema Mama Kasoki, "mimi nimekuja kutoka Butembo. Sikulala vizuri njiani. Nimeamuka, nimekwenda soko, nimepika, nimekuandalia kwa mikono yangu. Na wewe umetema."

"Mama, ile ilikuwa..."

"Umetema! Mbele ya watu. Mbele ya mwanangu. Mbele ya wateja, mumoja amekimbia. Umeingiza kidole mudomoni umekwangua, kama nilichokupa ni sumu. Kwetu, anayetema chakula cha mukwe wake ametutemea sisi wote. Hakuna bibi arusi anayetoka kwa mutu aliyenitemea."

"Sikukutemea wewe," alisema Muzee. "Nilitema maziwa."

"Maziwa yangu!"

"Mama, nyamaza kidogo," alisema Paulin.

"Unaniambia nyamaza? Mimi? Sawa. Oa. Oa leo! Lakini mimi kanisani sifiki, na nyumbani kwangu huyo binti haingii. Watoto wenu hawataniita nyanya."

Paulin alimtazama mama yake, kisha Uwitonze. Nilimwona akipasuka katikati kama mkate mkavu. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Baba hana. Mama huyu ndiye aliyemlea, na sisi sote tulijua, na Uwitonze kuliko wote, kwamba Paulin hataoa huku mama yake amekaa Butembo mlango umefungwa.

Furaha ya dada yangu ilikuwa imedumu muda wa mtu kuvuka barabara.

"Mama Kasoki," alisema Muzee. Alivua kofia. Sijawahi kumwona akivua kofia nje ya kanisa. "Umenitendea mema, na mimi nimekutendea vibaya. Nifanye nini?"

"Kula."

"Nini?"

"Moja nzima. Na sosi yake. Mbele ya watu, kama ulivyotema mbele ya watu. Ukimaliza, nitapiga vigelegele miye mwenyewe."

Hakungoja jibu. Alimpokonya Paulin kisu. Alikata nyama kwa hasira, vipande vinene, vingine vikiwa na mafuta ya manjano yanayotetemeka. Alipanua mkate. Akainua mwiko wa sosi, akamimina. Akamimina tena. Ile nyeupe ilikuwa imekaa juani, na juu yake palikuwa pameota ngozi. Ngozi nayo ilikwenda, ikakunjamana juu ya nyama kama soksi. Akaviringisha. Akaweka mbele ya babu yangu, na mkate ukaanza kuvuja wenyewe, pole pole, juu ya karatasi.

Harufu ilinifikia. Vitunguu saumu, maziwa yaliyochacha, mafuta ya ng'ombe.

"Sogokuru, musikule," alisema Uwitonze. Alikuwa amefuta machozi. "Mukikula hii, ngombe wakipata kitu, mutaniwaza mimi kila siku. Mimi nitabaki tu. Nitarudi na nyie Masisi. Musikule."

Muzee aliutazama mkate. Alitazama upande wa milima, ambako mawingu yalikuwa yanakusanyika. Najua alichokuwa anafanya. Alikuwa anawataja mmoja mmoja.

Kisha akasema:

"Niyibizi. Pigia Twagirimana."

Niyibizi ndiye mimi. Twagirimana ni mchungaji aliyeachiwa zizi huko Masisi.

"Nimwambie nini, Sogokuru?"

"Mwambie leo jioni asikamue. Hata tone lisiingie ndani ya chombo. Ndama wanyonye yote. Ngombe ambaye hakukamuliwa jioni ile, neno hili halimufikii. Baba yangu alifanya vile mara moja, mwaka wa njaa."

Jua lilikuwa bado juu. Twagirimana hukamua likishagusa kilima. Muda tulikuwa nao, tele. Nilijihisi nimependa mila zetu kuliko nilivyowahi kuzipenda.

Nikapiga. Mtandao ukakataa. Nikapiga tena.

"Inapoa," alisema Mama Kasoki, mikono kifuani.

"Inalia?" aliuliza Muzee.

"Inalia, Sogokuru."

"Basi atapokea."

Akafanya ishara ya msalaba. Akaushika mkate kwa mikono miwili, kama mtu anayemshika nyoka, akafungua mdomo kadiri ulivyoweza kufunguka, akauma.

Ile nyeupe ilimtoka pande zote mbili. Ilishuka kwenye viganja, ikafika kwenye vifundo, ikaingia ndani ya mikono ya koti lake la misa. Machozi yalimtoka. Alitafuna kwa muda mrefu, akiangalia mbele, na ngozi ya yale maziwa ikaning'inia mdomoni mwake hadi ulimi ulipokuja kuichukua. Uwitonze aligeukia ukuta. Kisha nikaliona tonge likishuka. Nililiona kabisa, chini ya ngozi ya koo, likipita kama panya ndani ya chatu.

Alikuwa amemeza.

Mikono ya Mama Kasoki ilianza kufunguka.

"Allo!" ilipiga kelele simu sikioni mwangu. "Niyibizi? Allo!"

"Twagirimana! Sikia, Muzee anasema leo..."

"Sema mbio, mikono yangu iko na maziwa! Huku mvua inakuja, nimekamua mapema. Wote nimewamaliza. Mwambie Muzee ndoo imejaa, atafurahi!"

Nilibaki nimeshika simu.

Muzee alikuwa amekwisha fungua mdomo kwa tonge la pili. Meno yalikuwa juu ya mkate. Akasimama hapo, na macho yake mekundu, yaliyojaa maji, yakanitafuta mimi juu ya ile nyeupe inayodondoka, yakaniuliza kama Twagirimana amesikia.